Saa ambazo hatukuziandika

Mpwa wangu alinitumia picha ya barua Jumatano usiku, imepigwa kwa haraka mpaka kidole gumba chake kimeingia pembeni. Ni barua ya ajira kutoka kampuni moja kubwa ya ukaguzi na ushauri hapa Kampala. Chini yake ameandika maneno matatu: "Mjomba, nisaini au?"

Nilimwahidi jibu la kirefu. Nilipoanza kulipanga nikaona halimhusu yeye peke yake. Kila mwaka kuna vijana wanaomaliza chuo, Makerere, Kyambogo na kule MUBS, chuo cha biashara cha Nakawa, wakiwa na barua kama hiyo mkononi, na nyumba nzima inawatazama kama watu waliopata visa ya Marekani. Mimi nilifanya kazi miaka saba kwenye kampuni ya aina hiyo, minne kwenye ukaguzi wa hesabu na mitatu idara ya ushauri. Sitaitaja jina. Nilitoka huko na ujuzi ninaoutumia kila siku, na nilitoka na jambo moja linaloniuma hadi leo.

Wengi huanza na mshahara. Mimi nianze na kahawa.

Mwaka wangu wa kwanza, tarehe 31 Desemba, watu wakijiandaa kuupokea mwaka mpya, nilikuwa ndani ya ghala la kahawa upande wa Namanve nikihesabu magunia. Mteja alikuwa anafunga mwaka, na mkaguzi anatakiwa aione kwa macho mali iliyopo. Ilikuwa robusta, magunia ya kilo 60, yamepangwa marundo yaliyokaribia kugusa mabati. Nikahesabu rundo la kwanza: magunia 12 upande huu, 10 upande ule, tabaka 15 kwenda juu. Nikaandika 1,800, nikahamia rundo la pili.

Meneja wangu, dada mmoja ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, akaniita.

"Elfu moja mia nane umezipataje?"

Nikamweleza.

"Na katikati umeona?"

Nikakosa jibu. Akaomba ngazi. Nikapanda na shati langu jeupe na viatu vya ofisini, vumbi la maganda likinikaba koo, na nilipofika juu nikakuta shimo. Katikati ya rundo palikuwa na kisima, magunia manne kwa matatu, kimeshuka tabaka 11. Magunia 132 hayakuwepo. Hizo ni karibu tani nane za kahawa ambazo ukisimama chini ungeapa zipo. Mtunza ghala alisema yalitolewa wiki ile kwenda kuchanganywa na vocha ilikuwa bado haijaandikwa. Huenda ni kweli; vocha ililetwa na tukaipitia. Lakini mimi nilikuwa nimeshaandika 1,800 kwa wino.

Hakunigombeza. Alinipa karatasi nyingine akasema niandike nilichokiona, nikianzia na kile ambacho sikukiona mara ya kwanza.

Kama mtu ataniuliza faida ya kampuni kubwa ni nini, nitamsimulia ghala lile kabla ya kingine chochote. Nimefanya kazi baadaye na watu wenye akili kunishinda ambao hawajawahi kupata mtu wa kuwauliza "katikati umeona?" Kwenye kampuni, kila karatasi niliyoandika ilisomwa na mwingine, naye kazi yake ikasomwa na wa juu yake, mpaka kwa mbia, au patna kama tulivyowaita, mmoja wa wenye kampuni, ambaye saini yake ndiyo inayokwenda kwa mteja. Faili lilirudi limejaa maswali pembeni. Umejuaje? Nani kakuambia? Hati iko wapi? Tarehe hii na ile mbona hazipatani? Miezi ya kwanza nilikuwa nalichukia faili likirudi. Mwaka wa pili nikaanza kujiuliza maswali yale mwenyewe kabla hayajaulizwa, na tangu hapo hayajanitoka. Nikinunua kiwanja najiuliza. Nikisoma gazeti najiuliza.

Mitihani nitaigusa tu. Kampuni ilinilipia ada za CPA, mitihani ya uhasibu ya ICPAU, taasisi ya wahasibu wa Uganda, ikanipa siku za kusoma, na kwa mtoto wa sajini hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini kuna kifungu: ukiondoka kabla ya muda fulani unarudisha hela. Kisome mara mbili.

Sasa saa.

Kampuni ya namna hii haina shamba wala kiwanda. Inauza saa za watu. Kila mtu ana bei yake kwa saa, kuanzia kijana wa kwanza hadi mbia, na kila Ijumaa unajaza karatasi ya saa, tuliyoiita taimushiti, ukionyesha kila saa imekwenda kwa mteja gani. Umbo lake ni kama kichuguu: chini vijana wengi, katikati mameneja wachache, juu kabisa wabia wa kuhesabika kwa vidole. Faida inatoka kwenye tofauti kati ya kile mteja anachotozwa kwa saa ya kijana na kile kijana anacholipwa. Ili kichuguu kisimame, vijana wapya lazima waingie kila mwaka, na waliofika katikati lazima wapande au waondoke. Nilichukua muda kuelewa kwamba hakuna aliyetuchukia. Ni hesabu tu, na hesabu hiyo ilikuwepo kabla yetu. McKinsey, moja ya kampuni zilizoijengea sifa kanuni hii ya panda au ondoka, ilianzishwa Chicago mwaka 1926.

Shida inaanza pale kazi inapopangiwa saa chache kuliko inavyohitaji. Tuseme ukaguzi wa benki umepangiwa saa 45 kwa wiki kwa kila kijana. Benki nyingi hapa zinafunga mwaka Desemba, na hesabu zilizokaguliwa hutoka magazetini kabla ya Aprili kwisha, kwa hiyo kuanzia Januari hakuna kulala. Kijana anafanya saa 60, saa 70. Akiziandika zote, kazi inaonekana imeleta hasara, meneja anaulizwa, na kijana anaonekana mzito. Basi anaandika 45. Sisi tuliita kula saa. Hakuna aliyetuamuru tuzile. Tulijifunza kwa kuwatazama waliotutangulia, kama mtoto anavyojifunza adabu za mezani.

Nilikuwa na kijidaftari cha matumizi ya nyumbani, na wiki moja ya Machi, sijui nilisukumwa na nini, nikaandika ndani yake saa nilizoingia na kutoka. Jumla ilikuwa 71. Taimushiti yangu ya wiki ileile inasema 45. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaweka ukomo wa kawaida wa saa 48 kwa wiki, kwa hiyo kwenye karatasi nilikuwa ndani ya sheria. Zile saa 26 hazipo popote isipokuwa kwenye daftari lenye bei ya mkaa na sukari.

Moja ya saa hizo naikumbuka. Baba alikuwa amelazwa, presha, na zamu ya jioni ilikuwa yangu. Baba alikuwa polisi. Tumekulia kambi ya Nsambya, katikati ya Waacholi, Wateso na Walugbara, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha uani. Hakuwa msemaji. Jioni ile, sijui kwa sababu ya dawa, alianza mwenyewe kunisimulia alivyopangiwa Moroto akiwa kijana, safari ya siku mbili juu ya lori, na kitu kilichotokea njiani walipovuka mto uliojaa. Laptopu ilikuwa magotini mwangu. Kulikuwa na jedwali ambalo lilitakiwa kufika kwa meneja kabla ya saa tatu. Nikamwambia, "Baba, nipe dakika kumi."

Akasema, "Haya, mwanangu, maliza."

Nilimaliza baada ya dakika arobaini. Alikuwa amelala. Aliishi mwaka mmoja na miezi baada ya hapo, akarudi nyumbani, tukala naye Krismasi, na nilimwomba mara mbili anisimulie habari ya mto. Alicheka akasema amesahau. Sijui ni nini kilitokea mtoni. Na saa ile, kwa mujibu wa taimushiti, sikuwa kazini.

Kuhusu hela nitasema machache, kwa kuwa mpwa wangu ana akili ya hela kuliko mimi. Mshahara wa kuanzia ni mdogo kuliko watu wa nyumbani wanavyodhani wakiona tai na jengo la vioo. Miaka yangu PAYE, kodi ya mshahara, ilikata asilimia 30 ya kila shilingi iliyozidi 410,000 kwa mwezi, NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, ikachukua asilimia 5, halafu ada ya shule ya huyu na mchango wa harusi ya yule. Hela inayoonekana huja ukifika meneja. Wengi wetu tulikula kikomando mchana, chapati na maharage, tukiwa tumetoka kukagua mabilioni.

Jina la kampuni, kwa upande mwingine, lina thamani ya kweli. Kampala zipo zote nne zinazoitwa kubwa: Deloitte, PwC, EY na KPMG. Kupita kwenye mojawapo kunafungua milango ya mabenki, mashirika na miradi ya wafadhili, na nimefaidika nalo. Nikikana nitakuwa sina shukrani. Lakini jina ni kitu cha kuazima. Kwenye mafunzo ya wiki ya kwanza tulifundishwa habari ya Arthur Andersen, zamani zilipokuwa tano. Mwaka 2000 ililipwa na Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, dola milioni 25 kwa ukaguzi na milioni 27 nyingine kwa kazi za ushauri na mengineyo. Yaani aliyepaswa kumuuliza Enron "katikati umeona?" ndiye huyohuyo aliyekuwa akipokea hela nyingi zaidi kwa kumsaidia. Enron ikafilisika mwishoni mwa 2001, na mwaka uliofuata Andersen ikaporomoka na watu wake wapatao 85,000 duniani, wengi wao wasiowahi kuona hata karatasi moja ya Enron. Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua mwaka 2005 hukumu iliyoitia hatiani kwa kuharibu hati za Enron, lakini hapakuwa tena na kampuni ya kurudi. Nilipohamia idara ya ushauri nilibeba kisa hicho kichwani.

Nilihamishwa kwa sababu ya Kiswahili, na hili linanifurahisha kulisema. Nilipoingia, Kiswahili changu cha kambini kilikuwa kitu cha kuficha. Wazee wengi wa Kampala bado wanakisikia kama lugha ya askari, lugha ya kuamrishwa. Halafu kazi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikaongezeka, safari za Arusha, wafanyabiashara wa mpakani kule Mpondwe wanaovuka kwenda Kasindi, upande wa Kongo, kila siku, na ghafla mtu anayeweza kukaa na mama muuza samaki akamhoji bila mkalimani akawa wa maana. Mwaka 2022 Kongo ilipojiunga na Jumuiya, na Baraza la Mawaziri hapa kwetu likaidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, nikamkumbuka Baba na majirani zetu wa Nsambya.

Kazi ya ushauri ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa ya hospitali moja ya wilaya magharibi mwa nchi. Mfadhili alitaka kujua kwa nini dawa zinaisha. Tulikuwa watu watatu kwa wiki tano. Bohari ilitunzwa na mama mmoja wa makamo, kadi za dawa zimening'inizwa kwenye rafu kwa kamba, mwandiko wake kama wa kitabu. Alinikaribisha kiti, akafungua kabati, akanionyesha ripoti tatu zilizotutangulia, zimefungwa vizuri.

"Mwanangu, ninyi ni wa nne. Wote wamesema ninunuliwe kompyuta."

Nikamwomba aniachie kadi ya amoksilini, ile antibiotiki. Bohari Kuu ya Dawa ya taifa hupeleka dawa kila baada ya miezi miwili, tuseme siku 60. Kadi ilionyesha vidonge 6,300 vimetumika katika kipindi kile, na kipindi kilichotangulia hali ilikuwa hiyohiyo, naye kila mara ameagiza 6,300, kwa kuwa fomu inasema agiza kwa kadiri ya matumizi. Ila rafu ilikuwa tupu baada ya siku ya 42. Siku 18 za mwisho wagonjwa walikuja, wakaambiwa hakuna, wakaondoka, na kadi haikuandika kitu, maana kadi huandika kilichotoka. Tukapiga hesabu kwenye simu yake. Vidonge 6,300 kwa siku 42 ni 150 kwa siku. Kwa siku 60 ni 9,000. Kila mara agizo lake lilipungua vidonge 2,700, kwa uaminifu kabisa, na kila agizo lilizaa upungufu uleule kuanzia wiki ya saba.

Alikaa kimya akitazama kioo cha simu. Kisha akachukua kalamu nyekundu na kuanza kuandika kwenye kadi siku ambazo rafu ilikuwa tupu, kutoka kumbukumbu zake, moja baada ya nyingine.

Nusu saa hiyo ndiyo kazi yote niliyofanya pale. Ripoti yetu ilikuwa na kurasa 84. Ilipendekeza mfumo wa kompyuta, mafunzo, na kamati. Hesabu ya siku tupu ilikuwa kiambatisho, ukurasa wa 71, kwa kuwa mbia aliona ni ndogo mno kwa hela aliyolipa mfadhili. Tukawasilisha kwa slaidi, tukapigiwa makofi, na Jumatatu nikapewa mteja mwingine. Niliomba mara mbili nirudi baada ya miezi sita nione kama dawa zimefika siku ya 60. Niliulizwa saa hizo zitaandikwa kwa mteja gani.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu kilichokuwa kikinisumbua tangu hospitalini kwa Baba. Kadi ya amoksilini na taimushiti yangu zilikuwa na ugonjwa mmoja. Kijana anafanya 71 anaandika 45, na mwakani anayepanga bajeti ya kazi ileile anafungua kumbukumbu, anaona 45, anapanga 45. Kijana anayekuja anakuta rafu tupu, na yeye pia hataandika. Kampuni iliyonipandisha juu ya magunia kuangalia katikati ilikuwa na kisima katikati ya rundo lake yenyewe. Sote tulikijua, na sote tulisimama chini tukihesabu 1,800.

Nilimweleza meneja wangu hayo, yule dada wa ngazi, ambaye wakati huo alikuwa amekaribia ubia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema ninasema kweli, na kwamba yeye amekula saa nyingi kuliko mimi. Niliandika barua ya kuacha kazi mwezi wa sita, baada ya Bajeti. Sasa nina ofisi ndogo Ntinda, tuko wanne, hatuli saa, na kuna miezi hela inabana kwelikweli.

Mwaka jana nikienda Kasese nilipinda kupita pale hospitalini. Yule mama alikuwa amestaafu. Binti aliyechukua nafasi yake alinionyesha kadi: kulikuwa na mstari wa ziada umechorwa kwa rula, "siku tupu", kwa kalamu nyekundu. Amoksilini ilikuwa ikifika siku ya 55, siku ya 56. Fedha za hospitali zina kikomo, kwa hiyo walipunguza vitu vilivyokuwa vikilala rafuni mpaka muda wake unaisha. Nilimuuliza nani alimfundisha. Akasema, "Mama alisema tulifanya hesabu na kijana wa Kampala." Ripoti hajawahi kuiona. Kompyuta ilikuwepo, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Kwa hiyo, mpwa wangu, saini. Nimelifikiria sana na ninasema saini, kwa sababu sijui mahali pengine hapa mjini ambapo utafundishwa kwa ukali ule kuangalia katikati. Kaa miaka mitatu, minne. Maliza mitihani. Mtafute meneja anayesoma faili lako kwa kalamu mkononi, na ukimpata usimwache kwa ajili ya mteja mwenye jina. Ukipelekwa wilayani, anza na mtu wa bohari.

Na andika saa zako zote. Najua watakwambia unaharibu bajeti. Ziandike hata hivyo, na ukishindwa kuziandika kwao, ziandike kwako. Bibi yako akianza kukusimulia kitu, funga laptopu.

Jumapili anakuja nyumbani Nsambya na barua yenyewe, tusome pamoja kile kifungu cha ada za mitihani. Nimemwekea daftari jipya mezani, lile la kava gumu la kurasa 96.